Mengzi, Laozi, Mozi, Xunzi au Han Feizi: uvae miwani ya nani kuisoma nguvu laini ya China?

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu China, afisa wa dawati la Asia wizarani na mhariri anayeandaa makala ya uchambuzi hufika njia panda ileile. Wamechoka kuisoma China kwa nadharia za Wamarekani peke yake, wanageukia wahenga wa Kichina, kisha wanakuta wahenga wenyewe hawakubaliani. Matokeo yake mara nyingi ni mseto: nukuu ya Confucius mwanzoni, mbili za Sunzi, mwandishi wa mbinu za vita, katikati, neno "maelewano" mwishoni. Mseto wa namna hiyo hauelezi kitu, na msimamizi makini ataurudisha.

Afadhali uchague mmoja ukijua kwa nini. Wahenga hawa waliishi kati ya karne ya sita na ya tatu KK, kabla dola ya Qin haijaziunganisha nchi zote mwaka 221 KK. Walichokuwa wakikiona kila siku ni dola nyingi zilizotumiana mabalozi, kufunga mikataba kwa damu ya mnyama, kuwekeana rehani wana wa wafalme na kuvunja miungano. Maneno yao yalielekezwa kwa watawala waliokuwa na majirani wa kuogopa, ndiyo maana yanabeba uzito katika uhusiano wa kimataifa. Jina "nguvu laini" ni la msomi wa Marekani Joseph Nye, mwaka 1990, na Hu Jintao, kiongozi wa China wakati huo, aliliingiza katika ripoti ya mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti mwaka 2007. Swali lenyewe, la namna ya kuwafanya wengine waje bila kuburutwa, lilikuwapo tangu zama hizo.

Sunzi nimemwacha kando kwa makusudi. Ngazi yake (vunja mipango ya adui, kisha miungano yake, kisha jeshi, miji iwe ya mwisho) inasaidia kusoma mgogoro ambao tayari umewaka. Kuhusu mvuto ana machache ya kusema.

Vigezo, na majaribio mawili

Kila mmoja nimempima kwa mambo yaleyale: ushawishi wa dola unatoka wapi, ushahidi gani unatakiwa, anasomaje matukio mawili, anakwama wapi, na anamfaa nani.

Tukio la kwanza ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na China. Makubaliano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, kutoka nchi ambayo yenyewe ilikuwa maskini. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha katika kazi ile, na makaburi yao yako Gongo la Mboto.

La pili ni Hanoi, Julai 2010, kwenye jukwaa la usalama la ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-mashariki mwa Asia. Baada ya suala la Bahari ya Kusini ya China kuibuliwa mezani, Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Yang Jiechi, alijibu kwamba China ni nchi kubwa na nchi nyingine ni ndogo, na huo ni ukweli tu.

Confucius na Mengzi: mvuto wa mwenendo

*Hoja.* Mtawala wa She alipomuuliza Confucius kuhusu utawala, aliambiwa: walio karibu wafurahi, walio mbali waje. Mengzi alikaza uzi zaidi. Anayetumia nguvu huku amejifunika joho la utu ni mbabe, na ubabe unahitaji nchi kubwa. Anayeongoza kwa wema hahitaji ukubwa: mfalme Tang alianza na eneo la li 70 (li ni kipimo cha kale cha umbali), mfalme Wen li 100. Anayeinamishwa kwa nguvu hajakubali moyoni, ameishiwa tu na uwezo wa kukataa.

*Ushahidi.* Zingatia mpangilio: karibu kwanza, mbali baadaye. Kabla ya kuhesabu Taasisi za Confucius, vituo vya China vya kufundisha lugha na utamaduni wake (ya kwanza ilifunguliwa Seoul 2004, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikafuata 2005), waulize Wavietnamu, Wafilipino, Wajapani na Wahindi. Watafiti wengi huteleza hapa. Wanahesabu madarasa, ufadhili wa masomo na saa za matangazo, yaani vitu vilivyopelekwa nje, wakati Mengzi anauliza nani amekuja kwa hiari yake. Chukua tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Tanzania. Xi Jinping mwenyewe aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam Machi 2013. Ugomvi wa mkwe na mke wa mwanawe haukuhitaji ufafanuzi wa ubalozi. Kwa kipimo cha Mengzi, mtu anayekaa sebuleni kuitazama kwa kupenda kwake ni ushahidi mzito kuliko kongamano la watu mia waliolipiwa nauli.

*Majaribio.* TAZARA inapita: maskini amemjengea maskini. Hanoi inaanguka vibaya, kwa kuwa Mengzi alisema wazi kuwa mkubwa anayemhudumia mdogo ndiye anayefurahia mapenzi ya Mbingu.

*Anapokwama.* Kosa kubwa ni kugeuza kipimo kuwa sababu. Watu huandika kwamba China iliijenga TAZARA kwa sababu ya utamaduni wa Confucius. Tazama tarehe: mwaka 1974, mataruma yakiendelea kutandikwa, China nzima ilikuwa kwenye kampeni ya kumlaani Lin Biao, jemadari aliyegeuka msaliti machoni pa chama, pamoja na Confucius. Hakuna afisa ambaye angethubutu kusema analaza reli kwa jina la mhenga huyo. Unaweza kusema kitendo kile kinalingana na kipimo cha Mengzi. Kusema kilizaliwa naye ni kuvuka ushahidi.

Kosa la pili ni kuzitaja safari za Zheng He, amiri wa meli za dola ya Ming, kama upole mtupu. Ni kweli kwamba twiga wa Malindi alifika katika kasri la Ming mwaka 1415, na kwamba jiwe la Galle (Sri Lanka ya leo) la mwaka 1409 limeandikwa kwa Kichina, Kitamili na Kiajemi, likimheshimu Buddha, mungu wa Kihindu na Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Ni kweli vilevile kwamba muda mfupi baadaye msafara huohuo ulipigana na mtawala Alakeshvara wa Ceylon, yaani Sri Lanka hiyohiyo, na kumchukua mateka hadi Nanjing. Ukitaja jiwe, taja na mateka.

*Anamfaa* anayepima pengo kati ya kauli na mwenendo: mchambuzi wa hotuba, wa vyombo vya habari, wa diplomasia ya utamaduni.

Laozi: mkubwa akae chini

*Hoja.* Sura ya 61 ya kitabu chake, Daodejing, inasema dola kubwa ni kama sehemu ya chini ya mto, mahali maji yote yanapokutania. Ikijishusha mbele ya ndogo, inaipata. Sura ya 66 inaongeza kuwa bahari ni mfalme wa mabonde yote kwa sababu iko chini yao. Na sura ya 60: kuitawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Aliyewahi kupika dagaa wabichi anajua bila kuelezwa. Ukiwageuzageuza na mwiko, ndani ya dakika chache huna tena samaki, una uji wenye miiba.

*Ushahidi.* Hapa unasoma mkao kuliko fedha. Nani anasafiri kwenda kwa nani? Mazungumzo yanaendeshwa kwa lugha ya nani? Wataalamu wanalala wapi? Tangu 1991 waziri wa mambo ya nje wa China huanza ziara zake za mwaka barani Afrika. Huo ni mkao. Mwingine ni kanuni nane za misaada alizotangaza Waziri Mkuu Zhou Enlai mwaka 1964, ambapo ya nane inasema mtaalamu wa Kichina ataishi kwa kiwango kilekile cha mtaalamu wa nchi mwenyeji, bila kudai upendeleo.

*Majaribio.* Kanuni hiyo ya nane ndiyo inayoieleza TAZARA hapa. Kambi za kawaida na kazi ya mikono bega kwa bega na Watanzania na Wazambia zilisema kile ambacho yuan milioni 988 peke yake zisingesema. Kuhusu Hanoi, kati ya wahenga wote Laozi ndiye mwenye jibu kali zaidi. Sentensi ya Yang ilikuwa kweli, na ndiyo sababu haikupaswa kutamkwa. Ukubwa unaonekana bila kutajwa, na ukitajwa unamfanya mdogo atafute mkubwa mwingine wa kumwegemea.

*Anapokwama.* Ni rahisi mno kumtumia bila kukosea, na hiyo ni dosari. China ikinyamaza, utasema inafuata njia ya kutolazimisha. Ikizungumza kwa upole, utasema imejishusha. Andika mapema ni kitendo gani kingekufanya uiache miwani hii. Usisahau pia kwamba sura ya 61 haifichi nia: mkubwa anajishusha ili apate. Sura ya 36 inasema anayetaka kunyang'anya sharti kwanza atoe. Zaidi ya hayo, maneno yake ni mafupi mno, kila mfasiri anayavuta kwake. Ule mstari wa samaki Ronald Reagan aliutumia mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kutaka serikali ipunguze mkono wake. Xi Jinping aliutumia Machi 2013 kueleza uangalifu wa kiongozi anayebeba nchi nzima. Linganisha tafsiri zisizopungua tatu kabla ya kujenga hoja.

*Anamfaa* anayesoma itifaki, lugha ya mabalozi na mwenendo wa dola kubwa mbele ya majirani wadogo.

Mozi: nani amefaidika, na ukuta uko wapi?

*Hoja.* Mozi alipinga vita vya uchokozi kwa hesabu: mazao yaliyopotea, watu waliokufa, siku za kazi zilizoliwa. Alitaka manufaa ya kila nchi yahesabiwe sawa na ya nchi yako. Na hakuishia kuhubiri. Aliposikia Chu inaandaa ngazi za kivita kuishambulia nchi ndogo ya Song, alitembea siku kumi usiku na mchana hadi Ying, mji mkuu wa Chu. Mbele ya mfalme akafungua mkanda wake, akauzungusha chini kuwa ukuta wa mji, akachukua vijiti kuwa zana. Fundi Gongshu Ban akashambulia mara tisa kwa mbinu tisa. Mozi akazuia mara tisa. Fundi akaishiwa mbinu huku Mozi akiwa na akiba. Kisha akaeleza kuwa kumuua yeye hakutasaidia, kwani wanafunzi wake 300 walikuwa tayari juu ya kuta za Song na mitambo mikononi. Mfalme akaghairi.

*Ushahidi.* Namba za matokeo: tani, ajira, madeni, maji yaliyofika kijijini. Na namba za pande zote mbili, kwa sababu manufaa ya upande mmoja hayapiti.

*Majaribio.* Hapa TAZARA inapata alama mchanganyiko. Iliipa Zambia njia ya shaba isiyopita katika nchi za kusini zilizotawaliwa na walowezi wa kizungu, faida ambayo haina bei. Lakini reli ilikusudiwa kubeba takriban tani milioni 2 kwa mwaka na haikuwahi kufika huko. Mozi asingekubali makaburi na urafiki viifunike namba hiyo. Kuhusu Hanoi, angewageukia wadogo na kuwauliza: vijiti vyenu viko wapi? Ufilipino ilijibu kwa njia ya sheria, ikafungua shauri Januari 2013 na kupata hukumu tarehe 12 Julai 2016.

*Anapokwama.* China iliikataa hukumu ile, na hapo unaona kwamba mkanda wa Mozi ulifaa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wale 300. Udhaifu wake mwingine ni kutoona thamani ya fahari. Aliupinga hata muziki kama upotevu. Uwanja wa Benjamin Mkapa uliojengwa kwa msaada wa China, wenye viti vipatavyo 60,000, kwake ungekuwa swali la visima vingapi vingechimbwa. Ila mtu aliyekaa jukwaani siku ya Simba na Yanga anajua kuna kitu hesabu hiyo haikukigusa.

*Anamfaa* mchumi, mtathmini wa miradi, na yeyote anayeandika kwa niaba ya nchi ndogo.

Xunzi: daftari la ahadi

*Hoja.* Xunzi anatenganisha ngazi tatu: mfalme wa kweli huwapata watu, kiongozi wa muungano huwapata washirika, mwenye nguvu tu hupata ardhi. Ngazi ya pili, ba kwa Kichina, ndiyo yenye mchango wake mkubwa, kwa kuwa inatambua dola isiyo na utakatifu wowote lakini inayoaminika. Mkataba ukishafungwa, anasema, hata ukiona unakula hasara usiwadanganye wenzako. Mfano unaosimuliwa sana ni wa mwaka 681 KK. Mtemi Huan wa Qi alikuwa kwenye jukwaa la kiapo huko Ke pale Cao Mo wa Lu alipomshika na kisu na kudai ardhi ya Lu irudishwe. Huan akaahidi. Kisu kiliposhushwa alitaka kukana, waziri wake Guan Zhong akamzuia. Ardhi ikarudi, na watemi wengine waliposikia wakaanza kuiamini Qi.

*Ushahidi.* Tengeneza jedwali la safu tano: tarehe ya ahadi, kiasi, muda uliowekwa, kilichotekelezwa, sababu ya pengo. Anza na ahadi za mikutano ya China na Afrika, mathalani dola bilioni 60 za mwaka 2018 na yuan bilioni 360 za mwaka 2024. Tenganisha msaada, mkopo nafuu, mkopo wa kibiashara na uwekezaji wa kampuni. Ukivijumlisha pamoja jedwali zima limeharibika.

*Majaribio.* TAZARA ndiyo ushahidi wake bora: ahadi ya 1967, katikati ya msukosuko wa Mapinduzi ya Utamaduni, ikatimizwa. Hanoi inamrudisha msomaji kwenye swali la washirika. China ina mkataba mmoja tu wa kulindana kijeshi, ule wa 1961 na Korea Kaskazini, na kauli kama ya Yang haiwezi kumleta wa pili.

*Anapokwama.* Daftari halikuambii ahadi ilitimizwa kwa heshima au kwa maslahi, na uaminifu hujengeka polepole kuliko muda wa utafiti wa mwaka mmoja. Yan Xuetong wa Chuo Kikuu cha Tsinghua ndiye aliyemrudisha Xunzi kwenye mjadala wa leo. Ukimtumia, kumbuka kuwa naye anaandika akiwa na ushauri kwa serikali yake.

*Anamfaa* anayetaka kulinganisha China na Marekani kwa kipimo kimoja.

Han Feizi: nguvu ikizidi, watakuja

*Hoja.* Zamani watu walishindana kwa wema, baadaye kwa hila, leo kwa nguvu. Mwenye nguvu nyingi hutembelewa, mwenye chache hutembelea. Anamtaja mfalme Yan wa Xu, aliyetenda wema mpaka nchi 36 zikamletea ardhi na heshima. Mfalme wa Chu akaogopa, akaishambulia Xu na kuifuta. Huo ndio mfano wa kale kabisa ninaoujua wa mvuto usio na ngao.

*Ushahidi.* Soma vifungu, achana na hotuba. Sehemu za mikataba ya mkopo wa SGR, reli ya kisasa ya Kenya, zilipotolewa hadharani Novemba 2022, zilionyesha kuwa sheria inayotumika ni ya China na usuluhishi ni Beijing. Vifungu viwili vya namna hiyo vinamtosha Han Feizi kuliko kurasa hamsini za urafiki.

*Majaribio.* Kuhusu TAZARA atakupeleka New York, tarehe 25 Oktoba 1971. China ilipata kiti chake Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, na Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhamini azimio. Kuhusu Hanoi angesema Yang alitamka kile ambacho kila mtu mezani alikijua.

*Anapokwama.* Hawezi kueleza kwa nini mwenye nguvu huporomoka. Qin, dola iliyofuata mawazo ya mrengo wake, ilidumu miaka 15 tu baada ya kuziunganisha nchi. Yeye mwenyewe alifia gerezani huko Qin mwaka 233 KK, kwa sumu iliyotoka kwa Li Si, waliyesoma naye kwa Xunzi.

*Anamfaa* mwanasheria wa mikataba na mchambuzi wa usalama.

Uchague kwa hali yako

Kama swali lako ni la hotuba, lugha au utamaduni, anza na Mengzi, na umweke Han Feizi kama mpinzani. Kama ni la mwenendo kwenye meza ya mazungumzo, Laozi, ukiwa na Mengzi pembeni ili usidanganywe na upole. Mradi wenye namba unamtaka Mozi. Ulinganisho wa dola kubwa mbili unamtaka Xunzi. Mkataba ambao haujasainiwa unamtaka Han Feizi kwanza, kisha Mozi; wengine watasubiri.

Kwa insha ya kurasa 15, mhenga mmoja na mpinzani mmoja wanatosha. Kwa tasnifu, weka wawili na mpinzani. Soma sura nzima wala si mstari: Mengzi 2A3 na 1B3, Laozi 36, 60, 61 na 66, Mozi 17 hadi 19 na 50, Xunzi 9 na 11, Han Feizi 49 na 50. Zote zinasomeka kwa juma moja.

Kama unaandikia serikali ya nchi ndogo na una kurasa mbili tu, ya kwanza iwe ya Xunzi, yaani lile jedwali la ahadi, na ya pili iwe ya Mozi: orodha ya vijiti mlivyo navyo.